SOMO LA AFYA: Maisha ya Mgonjwa Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito ni huduma ambayo Watanzania wengi waliokuwa wakiihitaji waliifuata nje ya nchi. Katika miaka ya hivi karibuni huduma hiyo imeanza kutolewa hapa nchini, ikiwemo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili – Mloganzila. Kwa sababu hiyo, wananchi wanaofika katika zahanati na vituo vya afya huuliza maswali mengi kuihusu: nani anastahili kufanyiwa, nini hukatwa, na maisha huwaje mtu anaporudi nyumbani.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Matunzo yanayofuata hudumu maisha yote, na sehemu kubwa ya matunzo hayo hufanyika mbali na hospitali kubwa: jikoni, sokoni, msibani, kwenye sherehe na katika zahanati ya kijiji. Mgonjwa asiyelielewa jambo hili huweza kupoteza faida aliyoipata kwa gharama na maumivu makubwa.

Ili somo lieleweke, makala hii inamtumia mgonjwa wa mfano. Ni mwanamke wa miaka 41, mfanyabiashara wa vitambaa sokoni na mama wa watoto watatu. Hatajwi jina kwa kuwa hamwakilishi mtu fulani. Amejengwa kutokana na mambo ambayo tiba inayafahamu kuhusu wagonjwa wa aina yake.

Kipimo cha kuanzia

Unene haupimwi kwa macho. Wataalamu hutumia uwiano wa uzito na urefu, ambao hupatikana kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mgonjwa wa mfano ana kilo 120 na urefu wa mita 1.60. Mara 1.60 kwa 1.60 ni 2.56, na 120 ikigawanywa kwa 2.56 jibu ni takriban 46.9.

Kwa mtu mzima, uwiano wa 18.5 hadi 24.9 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mgonjwa huyu ameuvuka mpaka wa kiribatumbo kwa mbali sana. Wala hayuko peke yake. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na waliofikia kiribatumbo walikuwa asilimia 10. Kwa upande wa dunia, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila watu 8 alikuwa akiishi na kiribatumbo.

Maisha kabla ya upasuaji

Siku ya mgonjwa huyu huanza kwa uchovu. Usiku hukoroma kwa nguvu, na mara kadhaa pumzi hukatika kwa sekunde nyingi kisha hurudi kwa kishindo. Hali hii husababishwa na njia ya hewa kubanwa wakati misuli ya koo inapolegea usingizini. Matokeo yake ni kwamba mtu hulala saa nane lakini huamka kama hakulala. Mchana husinzia kibandani, na wateja humdhania mvivu.

Magoti yanamuuma, kwa kuwa kila hatua huyabebesha mzigo unaozidi uzito wa mwili wenyewe. Ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu, na humeza dawa nne kwa siku. Daladala huipanda kwa shida, na abiria wengine huguna anapoketi. Kwenye sherehe huchagua kiti kwa kuangalia miguu ya kiti hicho kabla ya kuangalia ni nani ameketi karibu. Vipimo vingine vya kiafya amekuwa akivikwepa kwa kuona haya.

Amejaribu kupungua mara nyingi. Aliacha wali wa usiku, akanywa maji ya moto na limau, akafunga, akatembea alfajiri. Alipungua kilo saba, kisha zikarudi tisa. Jamii humwambia kuwa hana nia, ilhali mwili wa binadamu huulinda uzito wake. Mtu anapopungua, homoni za njaa huongezeka, zile za kushiba hupungua, na mwili hutumia nishati kidogo kuliko awali. Mojawapo ya homoni za njaa, ghrelini, iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, nayo hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Kwa hiyo, anayepambana na kiribatumbo hupambana pia na mwili wake mwenyewe. Hilo haliondoi umuhimu wa lishe bora na mazoezi, ila linaeleza kwa nini kwa baadhi ya watu njia hizo pekee hazitoshi.

Nani anastahili

Mwaka 1991 jopo la wataalamu nchini Marekani lilipendekeza upasuaji huu kwa mtu mwenye uwiano wa 40 au zaidi, au 35 na zaidi akiwa na maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari bingwa wa fani hii vilishusha kiwango hicho. Vilipendekeza kuanzia 35 hata kama hakuna maradhi mengine, na kufikiria upasuaji kwa wenye 30 hadi 34.9 ikiwa wana kisukari au maradhi ya aina hiyo.

Namba peke yake haimfikishi mtu chumba cha upasuaji. Mgonjwa hupimwa damu, moyo, mapafu na mfuko wa chakula. Hukutana na mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa sonona au ulaji usiodhibitika visipotibiwa kwanza huharibu matokeo. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha. Wengi hupewa mlo maalumu wa takriban wiki mbili kabla ya upasuaji ili kupunguza mafuta katika ini, jambo linalompa daktari nafasi ya kufanya kazi kwa usalama.

Kinachofanyika

Zipo njia mbili zinazotumika zaidi. Katika njia ya kwanza daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban robo tatu au zaidi, na kubakiza sehemu nyembamba iliyofanana na mkono wa shati. Sehemu inayotengeneza homoni ya njaa kwa wingi huondoka pamoja na kilichokatwa.

Katika njia ya pili daktari hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 juu ya mfuko wa chakula, kiasi kisichojaza kikombe kidogo cha kahawa. Kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita pembeni bila kuingia katika mfuko uliobaki na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Msingi wa njia hii uliwekwa na Dkt. Edward Mason na Dkt. Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

Upasuaji wa aina zote mbili siku hizi hufanywa zaidi kwa matundu madogo tumboni. Huduma ya puto ni tofauti, na wananchi wasiichanganye na upasuaji. Puto huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na kwa kawaida huondolewa baada ya miezi kadhaa. Hakuna kinachokatwa, lakini uzito huweza kurudi kwa urahisi zaidi baada ya puto kutolewa.

Mgonjwa wa mfano alichaguliwa njia ya pili kwa sababu ya kisukari chake.

Wiki na miezi ya mwanzo

Siku za kwanza mgonjwa hunywa maji na vinywaji vyepesi, kwa funda dogodogo. Hufuata uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyopondwa laini, kisha vyakula laini vya kawaida. Kwa wengi, hatua hizi huchukua wiki sita hadi nane. Kuruka hatua ni hatari, kwa sababu mishono ya ndani inakuwa bado haijapona.

Baada ya hapo huja kanuni mpya za kula. Mgonjwa hutafuna taratibu, na mlo mdogo huchukua dakika 20 hadi 30. Maji hanywi pamoja na chakula, bali husubiri takriban nusu saa. Protini ndiyo hutangulia: samaki, dagaa, mayai, mtindi, maharage, kuku. Lengo la kawaida ni angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6, kwa hiyo mtu ambaye tumbo lake hupokea vijiko vichache tu kwa mlo hana budi kupanga siku yake kwa makini. Ugali na wali hubaki pembeni ya sahani, wala si katikati tena.

Soda, juisi ya miwa na keki huweza kumletea mgonjwa wa njia ya pili shida ya ghafla: jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha. Hutokea kwa sababu sukari nyingi huingia kwenye utumbo kwa kasi. Wagonjwa wengi hujifunza somo hili mara moja tu.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huweza kukatika kwa wingi. Hali hiyo huwaogofya wengi, lakini mara nyingi ni ya muda, na nywele huota tena iwapo lishe ni nzuri. Kupungua kwa haraka huweza pia kusababisha vijiwe katika mfuko wa nyongo. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hulegea, nayo hairudi yote.

Dalili za kuwahi hospitali

Familia inapaswa kuzifahamu dalili zifuatazo. Katika wiki za mwanzo: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio bila sababu, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Wakati wowote: kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, au kutapika kusikokoma.

Kutapika kwa siku kadhaa kusichukuliwe kuwa jambo la kawaida la mtu aliyekatwa tumbo. Huweza kuumaliza mwilini vitamini B1, na upungufu huo huathiri macho, mwendo na akili kwa muda mfupi. Mtoa huduma aelezwe mapema kuwa mgonjwa alifanyiwa upasuaji huu, ili afikirie kumpa vitamini hiyo kabla ya kumtundikia dripu ya sukari.

Kazi ya zahanati na kituo cha afya

Sukari ya mgonjwa wa mfano ilianza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla uzito haujapungua sana. Ni habari njema yenye hatari ndani yake. Mgonjwa akiendelea na dozi zilezile za zamani, hasa insulini, sukari huweza kushuka kupita kiasi na kumwangusha. Dawa za shinikizo la damu nazo huhitaji kupimwa upya. Hakuna anayepaswa kujipunguzia au kujiachia dawa mwenyewe. Anachotakiwa ni kufika kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza mara kwa mara ili apimwe na dozi zirekebishwe.

Jambo la pili ni vitamini na madini. Baada ya upasuaji, mwili hufyonza kwa shida vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na virutubisho vingine. Mgonjwa hutakiwa kuvitumia kama nyongeza kwa maisha yake yote. Hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka wa pili mtu anajisikia mzima, ana nguvu, na vidonge anaviona ni gharama isiyo na sababu. Akiba ya vitamini B12 mwilini huweza kudumu kwa muda mrefu kabla ya kwisha, na ganzi ya miguu au upungufu wa damu huja wakati mgonjwa ameshausahau upasuaji. Kipimo cha damu angalau mara moja kwa mwaka huligundua tatizo mapema.

Jambo la tatu ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi huzinunua dukani kwa ajili ya mgongo au kichwa, huweza kusababisha vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Mgonjwa aulize kabla ya kumeza. Sigara huongeza hatari hiyohiyo. Pombe nayo hufika kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi kuliko zamani.

Jambo la nne ni uzazi. Mwanamke anapopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekuwa amekata tamaa. Wataalamu hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, kwa kuwa katika kipindi hicho mwili unapungua kwa kasi na virutubisho ni vichache. Vidonge vya uzazi wa mpango huweza visifyonzwe ipasavyo, hivyo mama ashauriane na mtoa huduma kuhusu sindano, vipandikizi au kitanzi.

Minong'ono ya mtaani

Katika jamii nyingi za hapa nchini mwili mnene umehesabiwa kuwa dalili ya neema, na mwili uliokonda kuwa dalili ya dhiki au maradhi. Mwanamke aliyekuwa na kilo 120 akipungua kilo 30 ndani ya mwaka, mtaa hautanyamaza. Wapo watakaosema ana Virusi vya UKIMWI, wapo watakaosema ana kifua kikuu, na wapo watakaomuuliza mumewe kulikoni nyumbani. Waliomcheka kwa unene watamcheka kwa wembamba.

Kisha kuna sahani. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa chakula, na mgeni anayekula vijiko vitano huonekana amedharau. Mama mkwe aliyepika pilau kwa ajili yake ataumia moyo. Mgonjwa hulazimika kuchagua kati ya kueleza siri yake ya kitabibu na kula kupita uwezo wa tumbo lake kisha kutapika nyuma ya nyumba.

Familia ndiyo inayoweza kumwondolea mzigo huu. Ndugu wasimshurutishe kula. Sahani yake iwe ndogo na aachwe ale taratibu. Mume, mke au mtoto mkubwa ahudhurie kliniki pamoja naye walau mara moja, asikie maelezo kwa masikio yake. Mgonjwa hana wajibu wa kumweleza kila mtu habari za mwili wake; inatosha kusema kwamba daktari amempangia mlo. Akikosa usingizi, akilia mara kwa mara au akianza kutafuta faraja katika pombe, aseme mapema. Chakula kilikuwa kitulizo chake, na kitulizo hicho kimeondoka kabla hajapata kingine.

Miaka kumi baadaye

Nchini Sweden ulianza mwaka 1987 utafiti mkubwa uliofuatilia kwa miaka mingi watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo yake yana mafunzo mawili.

La kwanza ni la matumaini. Waliofanyiwa upasuaji wa njia ya pili iliyoelezwa hapo juu walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Kundi la matibabu ya kawaida lilibaki karibu palepale. Vifo kwa ujumla vilikuwa vichache zaidi katika kundi la upasuaji. Hatari ya upasuaji nayo ilikuwepo: watu 5 kati ya wale 2,010 walifariki ndani ya siku 90.

La pili ni la tahadhari. Kati ya waliokuwa na kisukari, asilimia 72 ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa hawana tena kisukari baada ya miaka 2. Baada ya miaka 10 waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Maradhi huweza kurudi, ndiyo maana kliniki haiachwi.

Wastani huo ukiwekwa kwa mgonjwa wa mfano, kilo 120 zitashuka hadi takriban 82, kisha baada ya miaka 10 zitakuwa takriban 90. Uwiano wake utakuwa kama 35, yaani bado ndani ya kundi la kiribatumbo. Anayetarajia wembamba wa pichani ataona ameshindwa. Lakini mama huyo amelala usingizi kamili, amepunguza dawa, anapanda daladala bila kushikwa mkono, na anasimama kibandani mpaka jioni. Mafanikio yake yapimwe kwa hayo.

Pa kuanzia

Mwananchi mwenye tatizo la uzito aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Atapimwa uzito, urefu, sukari na shinikizo la damu, na kuunganishwa na Afisa Lishe. Ikibidi atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, na kutoka huko hadi hospitali zenye madaktari bingwa. Kabla ya kukubali upasuaji, aulize na kupata majibu ya maswali haya:

1. Ni njia gani inapendekezwa kwake, na kwa nini?
2. Gharama ni kiasi gani kwa jumla, pamoja na vipimo na vitamini za miaka inayofuata, na bima yake inalipia nini?
3. Ni nani atakayemfuatilia atakaporudi wilayani, na kwa ratiba ipi?
4. Dawa anazotumia sasa zitabadilishwaje, na na nani?
5. Nyumbani ni nani atakayemsaidia katika wiki sita za mwanzo?

Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, popote alipofanyiwa, anashauriwa kupeleka nakala ya maelezo ya hospitali katika kituo anachohudumiwa na kuiweka kwenye jalada lake. Karatasi hiyo moja huweza kumwokoa siku atakayofikishwa akiwa hawezi kujieleza.